Pasaka ya huku Rungwe, kwa ninyi mnaokuja Desemba tu

Mwanakondoo ameshinda! Najua ninyi Wamoravian wenzangu huko mliko Tabata, Kimara, Dodoma, Mwanza na wale wachache wa Ujerumani mmejibu salamu yetu kimoyomoyo, na kama jibu limekutoka basi umekaa mjini mda mrefu sana ndugu yangu, rudi nyumbani.

Leo ni Mei Mosi 2025, ofisi zimefungwa, mvua imeanza alfajiri na haina dalili ya kukatika, barabara ya kushuka Kiwira imekuwa utelezi mtupu na bodaboda wote wamejikunyata kibandani, kwa hiyo nimekaa jikoni karibu na moto na simu yangu niwape habari kama nilivyowaahidi. Mama Mchungaji anasalimia. Watoto wazima. Ng'ombe amezaa, dume tena.

Sasa niseme jambo moja kabla sijasahau. Meseji za "mchungaji tutumie picha za sikukuu" huwa napata nyingi sana kuanzia tarehe ishirini Desemba mpaka mwaka mpya, wakati huo nusu yenu mko hapa hapa mnajipiga picha wenyewe mbele ya madhabahu, magari yamejaa uwanja wa kanisa mpaka wazee wanakosa pa kupita, watoto wenu wanaogopa kuku. Pasaka simu iko kimya. Na mimi, niliyekuwa mchungaji hapa mda wa kutosha kuwajua wote, nawaambia bila kuficha kwamba Krismasi ya huku ni sikukuu ya wageni, nzuri, ina sadaka nzuri, tunaipenda. Pasaka ndio sikukuu ya wenye kanisa. Na wengi wenu tangu mmalize shule hamjaiona tena, mnakumbuka vipande vipande tu, tarumbeta, baridi, chai. Basi mwaka huu nawaelezea yote.

Pasaka ilikuwa tarehe 20 Aprili, maana yake ilituangukia kwenye kilele cha masika. Mnaijua Aprili ya Rungwe, haina haja ya kuhadithiwa, mlima unapotea mbele ya macho yako wiki nzima, nguo hazikauki, mahindi yanazidi kurefuka na magugu nayo yanashindana nayo. Juma Kuu lote tulikuwa na ibada kila jioni, tunasoma habari za Bwana siku kwa siku kama alivyozipita yeye mwenyewe, Jumatatu habari za Jumatatu, Jumanne za Jumanne. Wanaokuja ni wale wale, akina mama wa mtaa wa juu na miavuli yao, mzee wetu wa tarumbeta, vijana wa kwaya wanaotafuta sababu ya kutoka nyumbani usiku (nawajua, hata mimi nilikuwa hivyo). Hamna mahubiri marefu. Unasoma, mnaimba, mnaondoka gizani na tochi za simu.

Jumapili ya Matawi watoto waliingia na matawi ya ukindu kwa waliopata, wengine walikata chochote kilichokuwa kijani, kuna mmoja aliingia na jani zima la mgomba na akawa anawapiga nalo wenzake mpaka mwalimu wa Sunday school akamkalisha mbele karibu na mimi. Siku hiyo hiyo tulikuwa na kipaimara. Mashati meupe, sketi nyeusi, viatu vyeupe kwenye matope ya Aprili, akina mama wanafuta viatu vya watoto mlangoni kwa kitenge. Walijibu maswali vizuri kuliko mwaka jana, ila waliposhika maiki wote wakawa wapole ghafla.

Ijumaa Kuu umeme ulikatika kabla ya somo la pili. Kusema kweli nilifurahi. Tangu tununue zile spika kubwa mlizotuchangia (ndaga fijo tena, asanteni sana, zinafanya kazi, hamna aliyeziiba) mahubiri yamekuwa kelele, mpaka kule sokoni wanasikia nikikohoa. Ijumaa ile nilihubiri kwa koo langu, bati linapigwa na mvua, ikabidi watu wasogee mbele wabanane kwenye mabenchi ya kwanza, hata wale wanaokaaga nyuma karibu na mlango ili watoke mapema. Nikasogea na mimi, nikashuka chini kabisa. Tukala Meza ya Bwana hivyo hivyo kwa mishumaa.

Jumamosi ndio siku ya kufyeka makaburi. Hapa niwakumbushe kidogo maana watoto wenu wa mjini hawajui, sisi Wanyakyusa tunazika nyumbani, kwenye boma, migomba imezunguka, kwa hiyo makaburi ya kanisani kwetu ni machache, ni ya wainjilisti wa zamani na wake zao na wachungaji wawili. Kule misheni ya Rungwe yako ya wamisionari wa mwanzo, kazi ile ilianza 1891, wengine walitoka Ujerumani vijana kabisa na hawakurudi kwao. Basi Jumamosi vijana wanafyeka pale kanisani, halafu kila nyumba wanafyeka kwao. Na kuna nyumba ambazo hakuna mtu.

Sitataja majina. Ziko nyumba nne tano hivi, nzuri, za tofali za kuchoma na bati la rangi, mageti mazuri, zimejengwa na ninyi, zina mlinzi mmoja na mbwa. Kaburi la mzee liko pale nyuma na vigae vyeupe na picha yake, na majani yamefika kwenye picha. Mlinzi anasema hajaambiwa. Basi majirani wameingia na mapanga yao wamefyeka, wakaosha vigae kwa maji ya ndoo, mama mmoja akaweka maua ya porini kwenye kopo la blue band. Hawakuomba kitu. Mimi ndio nawaambia ili mjue, mkija Desemba mkikuta pasafi msidhani ni mlinzi.

Usiku wa kuamkia Jumapili sasa. Saa tisa usiku tarumbeta zinaanza. Wanaanzia kanisani, wanapiga wimbo mmoja, wanatembea mpaka njia panda, wanasimama, wanapiga tena, na hivyo hivyo mpaka mtaa wa chini. Mwaka huu walikuwa saba, kuna trombone moja inavuja hewa wameifunga kwa mpira wa baiskeli, inatoa sauti ya mbuzi aliyekasirika lakini imo ndani ya tuni. Mbwa wote wa kijiji wanajibu. Nyumba inawaka taa, halafu nyingine, watu wanatoka na masweta na mablanketi juu ya kitenge, gambuti miguuni, watoto wamebebwa mgongoni wamelala. Huwezi kulala siku hiyo hata kama wewe ni Mkatoliki au Mlutheri, na majirani zetu wa madhehebu mengine wengi huamka wakaja, chai iko ya wote.

Watu huniuliza huu utaratibu umetoka wapi, nani alibuni kwenda makaburini gizani. Umetoka Herrnhut, Ujerumani, mwaka 1732, vijana wa kiume wa ule ushirika waliamua asubuhi ya Pasaka waende makaburini kabla jua halijatoka waimbe, hawakuagizwa na mtu mkubwa yeyote, na toka hapo Wamoravian popote walipokwenda walienda nao. Mwaka jana 2024 Herrnhut iliingizwa kwenye urithi wa dunia na UNESCO pamoja na Bethlehem ile ya Pennsylvania na Gracehill ya Ireland Kaskazini, majengo yao na makaburi yao. Nimefurahi kwa niaba yao. Lakini Wamoravian wengi kuliko nchi nyingine yoyote wako hapa Tanzania, na sisi hatuna majengo ya kuwekewa kibao, tuna hizo tarumbeta za mpira wa baiskeli na watu wanaoamka.

Saa kumi na moja tulianza msafara kutoka kanisani kwenda makaburini. Si mbali, lakini kwa utelezi ule ilichukua mda, vijana walishika bibi zao mikono kila upande, mzee mmoja wa kanisa alianguka akainuka anacheka, suti yote udongo. Hatukuwa na mvua, ukungu tu, unasikia watu unaoimba nao lakini huwaoni. Pale makaburini tunasoma liturujia, tunakiri imani, kisha linakuja lile ambalo mimi kila mwaka linanikaza koo, kutaja majina ya waliolala tangu Pasaka iliyopita.

Mwaka huu majina yalikuwa kumi na saba. Unasoma jina, unanyamaza kidogo, unasoma lingine. Hamna sifa, hamna "aliyekuwa mkurugenzi mstaafu", mwenye shamba la chai na aliyekuwa akibeba kuni wanasomwa sawa, hiyo ndiyo Moravian. Kati ya hao kumi na saba, tisa watoto wao wako mbali, ni ninyi. Mlikuja kuzika, mlifanya mlivyoweza, mabasi yalijaa, mlipika, mlirudi kazini ndani ya siku nne kwa sababu ruhusa ndio imeisha, siwalaumu hata kidogo. Ila jina la mama yako linaposomwa asubuhi ile wanaoitikia ni majirani. Kuna mmoja wenu alipiga simu usiku kabla, akasema mchungaji nataka nisikie, mjukuu akasimama karibu yangu ameshika simu juu, video imewashwa ingawa ilikuwa giza tupu, na tulipofika jina la bibi, bando likaisha. Yule kijana alitaka kulia. Nikamwambia tulia, nikasubiri, jirani akamrushia bando, tukarudia jina. Nadhani hilo halimo kwenye liturujia lakini sijaona askofu yeyote wa kunikataza.

Wapo vijana wa makanisa haya mapya wanaotusema kwamba tunaenda kuabudu mizimu. Nimeulizwa hilo Mwanjelwa kabisa sokoni, nanunua dawa ya ng'ombe. Hatusemi na wafu pale, hatuwaombi kitu, hatuwapelekei kitu. Tunaenda kwa sababu wale wanawake walienda alfajiri na mapema, Luka 24, na habari walizipatia kaburini, si hekaluni wala si mkutanoni kwenye jukwaa. Mimi sioni mahali pengine pazuri zaidi pa kusema Kristo amefufuka kuliko mbele ya kaburi la mtu unayemjua. Ukisema kanisani kwenye maua ni rahisi. Ukisema pale, mbele ya mjane wa miezi mitatu anayekutazama usoni, inabidi uwe unaamini.

Jua huku hutoka kama saa kumi na mbili na nusu na kitu. Mwaka huu hatukuliona, ukungu uligeuka mweupe tu, tukajua limetoka. Tarumbeta zikapiga kwa nguvu, watu wakaanza kushikana mikono Kristo amefufuka, amefufuka kweli kweli, watoto waliolala mgongoni wakaamka wanalia, na wote tukashuka kwenye chai. Masufuria matano ya chai ya maziwa, maandazi, ndizi za kuchemsha, viazi vya Isyonje, na maparachichi ambayo sasa hivi yanakuwa mengi mpaka tunawapa nguruwe yale yanayoanguka. Halafu saa nne ibada kuu, kwaya tatu, lakini kwangu mimi Pasaka ilikuwa imeshaisha.

Jumatatu ya Pasaka tukawa na ubatizo, watoto wengi, mmoja alishika miwani yangu hakuiachia mpaka Amina. Tukiwa bado ndani, kwenye saa tano kasoro, nikaona simu zinawaka kwenye mabenchi, watu wananong'onezana, mzee wa kanisa akaniletea kikaratasi, Papa Fransisko amefariki. Tukasimama tukaomba. Baada ya ibada mimi na wazee wawili tukashuka kwa ndugu zetu wa kigango cha pale chini kutoa pole, tukamkuta katekista amekaa nje na redio, akatukaribisha, tukakaa naye kimya mda mrefu kidogo. Jana yake tu alikuwa kwenye chai yetu.

Mnada sasa, maana najua hiki ndio mnakipenda. Tuliufanya baada ya ubatizo, mazao ya sadaka, kuku, mayai, mikungu ya ndizi, maharage, debe la viazi. Dalali ni yule yule, amezeeka lakini mdomo haujazeeka. Jogoo mmoja mweupe aliuzwa mara nne, kila anayemnunua anamrudisha auzwe tena, mpaka jogoo mwenyewe akachoka akalala kwapani kwa dalali. Kuna kaka yetu wa Tabata aliingia mnadani kwa simu, anagombea mkungu wa ndizi na mwalimu mstaafu aliyekuwa amesimama pale pale, mwalimu akasema elfu kumi, Tabata akasema ishirini, mwalimu ishirini na tano, Tabata hamsini, watu wakashangilia. Akashinda. Tukadhani atasema mpeni bibi fulani. Hapana, akataka mkungu wake. Ukapakiwa kwenye basi kesho yake, amenitumia picha ndizi zimefika zimeiva nusu, anasema nauli ya mkungu imekaribia bei ya mkungu. Mwe bandu! Lakini alikuwa na furaha kama mtoto.

Habari nyingine kwa kifupi. Lile kanisa la mtaa wa juu limefika lenta, mbao zimeshaletwa kutoka Mafinga, ziko ndani ya nyumba ya mwinjilisti zimefunikwa turubai na yeye na mkewe wanalala upande mmoja. Bado bati. Tulitaka kuezeka Machi, fundi akasema hawezi kupanda juu kwa mvua hii, ana haki. Tunategemea Juni mvua ikikata, baridi itakuwepo lakini baridi haioti kuvu kwenye mbao. Waliokwisha kutuma michango mhazini ana majina yote na amebandika ubaoni, ukija angalia lako, kama halipo mpigie yeye usinipigie mimi.

Mwinjilisti wetu mzee amestaafu rasmi, tulimuaga kwa koti zuri na ng'ombe, na Jumapili iliyofuata alikuwa amekaa mbele kabisa anasahihisha matangazo yangu kwa sauti. Vijana wawili wa ushirika wanamaliza chuo kikuu cha TEKU mwaka huu, mmoja ualimu, msaidieni kazi zikitokea. Kikundi cha vijana wamepanda parachichi za hass kwenye lile shamba la kanisa lililokuwa pori, miche imeshika, wanazungumza habari za kontena na nje ya nchi kana kwamba zinavunwa kesho, nimewaacha waote ndoto, wakati huo wanapalilia.

Na kwa kuwa ni mwaka wa uchaguzi tumeanza kupata wageni wengi ambao hatukuwahi kuwaona kwenye ibada za katikati ya juma, kila mmoja anaomba dakika tano za kusalimia. Wazee wamekubaliana kwamba kila anayetaka kusalimia atasalimia kule nje baada ya baraka, watu wakiwa wanasubiri mnada. Mpaka sasa aliyevumilia hadi mwisho ni mmoja.

Barabara, mlioniuliza kama mje na gari dogo: Mbeya mjini ile barabara ya njia nne inaendelea kujengwa, foleni ya Mafiati na Mwanjelwa si ya kitoto, jipangieni mda. Kuanzia Uyole kuja huku lami ni nzuri, ukungu wa Isyonje mnaujua, washeni taa. Huku kwetu kutoka lami kupanda juu, kwa sasa, ni miguu.

Mtu akinipa nichague kati ya bati ishirini na ninyi nyote kuja Pasaka moja ningechukua bati kwanza, tusidanganyane, lile kanisa liko wazi. Lakini zikishapatikana ningeomba na hiyo nyingine. Pasaka ya mwakani ni tarehe 5 Aprili 2026, Ijumaa Kuu tarehe 3, ombeni ruhusa mapema. Mkija mje Alhamisi, msije Jumamosi usiku mkalala kama magogo mkasema hamkusikia tarumbeta. Leteni gambuti na sweta zito, suti acheni. Na kama kuna mtu wa kwenu amelala huko huko mjini mkamzika huko, nitumieni jina lake na lisomwe huku, wako watu wanamkumbuka.

La mwisho ni la Mama Mchungaji, amenisimamia hapa anahakikisha naliandika. Desemba mlipopika ile pilau ya pamoja sufuria lake kubwa la mfuniko, lenye mkono mmoja uliochomelewa, liliondoka na moja ya magari. Hamtuhumu mtu. Anasema tu kwamba hata likija na basi kama ule mkungu, nauli atalipa yeye.